Mwenyekiti wa Ensoko

Mtu wa kwanza kunisahihisha Kiswahili baada ya kuolewa huku Manga hakuwa mkaguzi wa shule. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilikuwa nimeteremka na debe langu kuchota, bibi arusi wa juzi tu, nikawasalimu niliowakuta kwa Kiswahili kwa sababu sikujua bado nani nimwite nani katika ukoo wa mume wangu, na kwetu Gusii kumkosea mtu jina la heshima ni kesi. Nikasema habari za asubuhi. Mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ndefu kuliko uso wake, akaivua kofia hiyo na kunijibu.

"Mwalimu, siyo habari za asubuhi. Ni habari ya asubuhi. Asubuhi ni moja."

Cheti changu cha ualimu kilikuwa ndani ya sanduku la bati nyumbani, wino wake haujazoea hata karatasi. Nikamshukuru. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kwamba hata mwalimu mwenyewe amepatikana.

Nitamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyemwita vingine, hata mke wake. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitayagusa hayo; wenye ukoo wapo, na ukiwauliza utaketi kwao mpaka jua litue. Mimi nilimjua kwa maji, na kwa maneno.

Maji yenyewe yalikuwa chemchemi iliyokuwa chini ya shule yetu, ambayo sisi Wagusii tunaiita ensoko. Yalitoka chini ya mwamba, baridi hata wakati wa kiangazi, yakajaza kidimbwi kisichozidi upana wa kitanda, kisha yakateremka kwenda mtoni. Nyumba za vilima vitatu zilikunywa hapo. Uhuru ulikuwa bado mpya siku hizo, kila mtu akisubiri serikali imletee kitu, lakini hakukuwa na ofisi yoyote iliyojua kwamba maji yale yapo. Kulikuwa na kamati ya wanaume wa kijiji, na kamati ilikuwa yeye. Wale wengine kazi yao ilikuwa kukohoa akimaliza kusema.

Neno lake kubwa lilikuwa "utaratibu". Alilitamka taratibu kweli, akiligawa vipande. Foleni ya ensoko ilikuwa na utaratibu: mja mzito kwanza, kisha vikongwe, kisha wanafunzi wenye vikopo vya kumwagilia sakafu ya darasa, kisha sisi wengine. Mwanamume akija kuchota alikaa mwisho kabisa. "Mwanaume amezoea kungoja pombe," alisema, "hata maji anaweza ngoja." Sabuni ilikuwa marufuku. Kuosha miguu marufuku. Kuteka kwa chungu chenye masizi marufuku, na aliinama kukagua vitako vya vyungu bila haya yoyote. Mifugo ilikuwa marufuku kuliko vyote, na aliyeacha ng'ombe wake akaingia kidimbwini alisimamishwa mbele ya watu na kusemwa mpaka akatamani kuwa yeye ndiye ng'ombe.

Basi siku moja ng'ombe aliyekutwa amesimama ndani ya maji mpaka magoti alikuwa wake. Mweupe mwenye doa shingoni, hakuna asiyemjua. Mwenyekiti aliitwa, akaja na kofia yake, akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu kama shahidi asiyemwamini.

"Hiyo ng'ombe si yangu," akasema hatimaye. "Ni ya bibi."

Mke wake akasemwa mbele ya watu, kwa utaratibu, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Nasikia jioni hiyo Mwenyekiti alilala bila kula. Sikumwonea huruma hata kidogo, na nilipomkuta kesho yake nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba sheria haina nyumba, kisha akaniuliza kama kwetu Nyacheki wanaume hupikiwa na wake wenye hasira au hujipikia.

Kiswahili alikipata kortini. Kwa miaka mingi kabla ya mimi kufika alikuwa mkalimani wa mahakama, akisimama kati ya hakimu mgeni na watu wetu wenye kesi za mipaka na mahari. Koti lake la kaki lilibaki kutoka siku hizo, limepauka mabegani, vifungo vyote vipo. Kesi aliyopenda kuisimulia ni ya kijana mmoja aliyejitia kujua Kiswahili, akamwambia hakimu mwenyewe, "Shamba hii nilipewa na baba." Hakimu akaandika kwamba shamba lilikuwa la baba mtu, na mpinzani wake katika kesi akaanza kushangilia, maana marehemu baba hakuwa na shamba hata la kupanda kitunguu. Hapo mkalimani wetu akainua mkono. "Bwana hakimu, naomba ruhusa. Huyu anasema mama." Kwani katika Ekegusii neno baba ndilo mama, na baba mzazi tunamwita tata. Hakimu akafuta. Kijana akapata shamba lake, ambalo lilikuwa la nyumba ya mama yake kweli.

Aliisimulia kesi hiyo harusini, matangani, na mara moja katikati ya mkutano wa wazazi shuleni kwangu uliohusu madawati. Kila mara hakimu alizidi kustaajabu. Mwishoni mwa maisha ya hadithi hiyo hakimu alikuwa anashuka kitini na kumpa mkono. Nilijua anatia chumvi, lakini sikuwahi kuichoka, kwa sababu alikuwa na haki ya kujivuna: alikuwa ameona shimo ambalo wote wengine walikuwa wanapita juu yake.

Kwa hiyo mikutano ya kamati ya maji iliendeshwa kwa Kiswahili. Wote waliokuwepo walikuwa Wagusii, wengi hawakijui, lakini Mwenyekiti alifungua kwa Kiswahili, akajifasiria mwenyewe kwa Ekegusii, akauliza kama kuna swali, akaliweka swali la Ekegusii katika Kiswahili, kisha akalijibu katika lugha zote mbili. Mkutano wa nusu saa ulichukua asubuhi nzima. Mama mkwe wangu, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuulizia njia, alikwenda kwenye mikutano hiyo na ufumo wake wa kikapu, akarudi nao umekwisha.

Ada ya ensoko ililipwa kwa mikono. Kila nyumba ilitoa siku ya kazi wakati wa kiangazi: kuzoa tope, kufyeka njia, kupanga mawe pembeni ili udongo usiingie. Asiyefika alileta mchanga kutoka mtoni, na mtu akiubeba mchanga ule mara moja kupanda mlima wetu, mwaka uliofuata alifika mapema. Mwenyekiti alitoa siku mbili. Alisema anakunywa kwa mdomo mmoja na cheo kimoja, na vyote vina kiu. Nilimwona kwa macho yangu akiwa ndani ya tope mpaka mapaja, suruali imekunjwa, kofia kichwani, akiwatolea vijana maagizo ambayo hawakuyahitaji.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na miti. Wakati huo kila mtu alikuwa anapanda blugamu, mikaratusi yaani, kwa ajili ya nguzo na kuni, na watu walikuwa wamegundua kwamba inakua haraka zaidi kwenye majimaji. Mwenyekiti aliichukia. Alisema mti ule unakunywa usiku na mchana na haulipi ada. Kamati ikakata shauri kwamba blugamu isiwe karibu na ensoko kuliko jiwe linavyoweza kurushwa. Jirani yetu mmoja alikuwa na kishamba cha blugamu upande wa juu, na ubishi ukawa ni nani arushe. Mwenyekiti akamleta golikipa wa timu ya vijana, kijana wa mikono kama mwiko wa kusongea obokima, ugali wetu. Mwenye miti akakataa, akasema kama ni kurusha, arushe mzee, maana sheria ni ya wazee. Wakabishana mpaka kuku wakaingia kulala, na hapo mama mkwe wangu akasema kutoka nyuma kwamba arushe anayechota. Wakamwita mke wa mwenye miti.

Yule mama akaweka debe lake chini. Akachagua jiwe, akalipima mkononi, akamtazama mume wake, kisha akalirusha kwa nguvu zake zote, likapita juu ya miti yote na kuangukia kwenye mahindi ya watu wengine. Miti ikakatwa wiki hiyo. Mume wake hakuzungumza naye kwa siku kadhaa, na yeye hakuonekana kuumia.

Ningeweza kuendelea na vituko vyake. Alikuwa na shamba zuri la chai na hakunywa chai, alisema chai ni ya kuuza. Mgeni wake alipewa maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Alikataza uvumi ensokoni na hakuna aliyekuwa na habari mpya kumzidi. Lakini kilichofanya nimkumbuke hivi ninavyomkumbuka ni jambo moja, na jambo hilo lilianzia kwenye baraza.

Chifu alikuwa amewaita maofisa wa halmashauri waje kusikiliza shida za watu. Wakaja, wakaketi mbele ya meza kwenye uwanja wa shule yangu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa mbali, asiyejua Ekegusii hata salamu. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa. Alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ile ya kortini:

"Bwana ofisa, sisi watu wa hapa tunaomba serikali itutengenezee soko yetu. Soko yetu ni ya zamani. Watu wanatoka vilima tatu. Asubuhi na jioni imejaa kina mama. Lakini ni chafu, ng'ombe wanaingia, na haina ukuta."

"Mnataka mjengewe ukuta?" ofisa akauliza.

"Ukuta, na mtu wa kusimamia. Utaratibu."

"Na mko tayari kulipa?"

"Bwana ofisa, sisi tunalipa kila mwaka!"

Ofisa aliwageukia wenzake akitabasamu. Nadhani hakuwahi kukuta watu wanaoomba kutozwa. Sisi tukapiga makofi. Mimi nilikuwepo, mwalimu wa Kiswahili, na niliposikia "soko yetu" nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu ingekuwa "soko letu". Hilo tu ndilo nililoliona. Masikio yangu, kama ya wote waliokuwa pale, yalikuwa yamesikia ensoko.

Baada ya miezi michache akaja mtoza ushuru. Alikuwa kijana mpole wa mjini Kisii, kutoka familia za Kiislamu zenye maduka ya nguo, kofia nyeupe kichwani na mkoba wa stakabadhi begani. Alisema shikamoo kwa kila mtu. Akauliza soko liko wapi, akaelekezwa ensokoni. Akakuta kina mama wamejaa kama alivyoambiwa, na wawili watatu wameweka ndizi mbivu kando ya njia kwa ajili ya watoto wa shule. Akafungua mkoba. Kila debe lililopanda kutoka pale likatozwa.

"Mama zangu, soko ni soko," alisema kwa upole. "Kinachotoka sokoni kinalipiwa."

Wao wakasikia ensoko ni ensoko. Wakamtazama Mwenyekiti. Naye alikuwa anang'aa uso, maana alikuwa ameomba mtu wa kusimamia na serikali imemleta, tena mwenye Kiswahili cha kuteleza. "Lipeni," akawaambia kwa Ekegusii. "Ni ya ukuta. Mkilipa, ukuta unakuja."

Wakalipa. Wengine walilipa siku za kwanza wakashindwa. Mama mkwe wangu hakulipa hata siku moja. Alisema maji aliyoyakuta hapa alipoolewa hatayanunua kama chumvi, akachukua debe lake akateremka mpaka mtoni, na mimi nikamfuata kwa sababu singeweza kumwacha ashuke peke yake kwenye utelezi ule. Siku baada ya siku njia ya mtoni ikazidi kuwa na watu. Maji ya mto yalikuwa yamepita kwenye malisho yote ya juu kabla ya kutufikia. Darasani kwangu viti vikaanza kubaki wazi. Watoto wanaharisha, watoto wanatapika, mmoja akapelekwa hospitali ya misheni akiwa amebebwa mgongoni. Na njiani wanawake walianza kusema jambo ambalo halikuwahi kusemwa juu ya yule mzee, kwamba ameuza ensoko.

Nilikuja kuelewa siku nilipotoka shuleni na kuwakuta watu wawili wanapigilia vigingi upande wa juu wa ensoko, pale pale ilipokuwa ile miti.

"Mnajenga nini?" nikawauliza.

"Vibanda huku, mwalimu. Na kule kwenye vigingi virefu ni choo."

"Choo cha nani?"

"Cha soko. Soko bila choo, watu wa afya wanafunga."

Nilisimama hapo na vitabu vyangu kichwani. Soko. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kama linavyosikiwa na mtu mwingine. Nikatazama vile vigingi, nikatazama mteremko, na mwamba chini yake, na kidimbwi chini ya mwamba. Shimo la choo lingechimbwa juu ya maji yetu kabisa. Sijui niliwaaga vipi.

Nilimkuta Mwenyekiti anapogoa chai. Nikamweleza. Kwanza hakukubali.

"Mwalimu, wewe umesoma, lakini sikiliza utaratibu ya lugha. Enyama ni nyama. Eng'ombe ni ng'ombe. Enyomba ni nyumba. Unatoa hiyo ya mbele, unapata Kiswahili. Ensoko?"

"Ukitoa ya mbele unapata echiro," nikamwambia. Echiro ni soko kwetu, pale tunapouzia ndizi na kuku. "Mwenyekiti, uliomba serikali itujengee echiro. Ndiyo maana kuna mtoza ushuru. Ndiyo maana kuna choo."

Aliendelea kupogoa. Alikata tawi, akakata lingine, akakata lile ambalo halikustahili kukatwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo neno lenyewe ni lipi.

"Chemchemi."

"Chemchemi." Alilionja. "Hiyo ni neno ama ni mtu anasukutua mdomo?" Lakini hakucheka. Akalisema tena, na tena. Kortini miaka yote ile hakuna watu waliowahi kushtakiana kwa ajili ya chemchemi, kwa hiyo hakulipata. Nikamwambia ofisa anakuja kuweka jiwe la msingi la soko, baraza limeshatangazwa, na yeye akisimama akasema neno hilo moja mambo yatarekebika. Hata watu hawatajua sana kilichotokea, wengi hawafahamu Kiswahili. Nilidhani ninamsaidia.

Siku ya baraza ule uwanja ulijaa. Wanawake walikaa upande wao kwenye majani, nyuso zimekunjwa, mama mkwe wangu mbele kabisa. Mtoza ushuru alikuwepo, mkoba kifuani. Ofisa akatoa hotuba ya kutusifu. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia. Nikasubiri chemchemi.

Akasema Ekegusii.

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia akifungua kinywa kwenye baraza kwa lugha ya nyumbani. Ofisa akauliza mzee anasema nini, na Mwenyekiti, bila kugeuka, akanyoosha mkono kuelekea kwangu nisimame nifasiri. Mkalimani wa korti akaomba mkalimani. Nikasimama.

Alisema hivi: "Mimi ndiye niliyeomba soko. Nilitaka ensoko ijengwe, nikasema neno la echiro kwa sababu sikulijua lingine na sikuuliza. Nikawaambia mlipe. Mlilipa kitu ambacho ni chenu. Wengine mkaenda mtoni na watoto wakaugua. Halmashauri haikuwauzia maji, wala kijana huyu wa mkoba. Ni mimi. Nimekosa."

Nikamgeukia ofisa, nikatafuta maneno mazuri. Nilimheshimu yule mzee, na sikutaka achekwe na wageni.

"Mzee anasema kumetokea kutoelewana kidogo kuhusu..."

"Hapana." Alikuwa amenigeukia. Hilo alilisema kwa Kiswahili, mbele ya wote. "Mwalimu, sikusema hivyo. Fasiri vile nimesema. Sema nimekosa."

Nikasema amekosa. Nikafasiri yote tangu mwanzo, neno kwa neno, soko, ensoko, chemchemi. Ofisa alipoelewa alicheka mpaka akatoa kitambaa, na wenzake wakacheka, na vijana wetu waliosoma kidogo wakacheka nao. Mwenyekiti alisimama na kofia yake mikononi akasubiri wamalize. Halafu akasema jambo moja zaidi, nikalifasiri: choo kiko juu ya maji. Ofisa wa afya aliyekuwa miongoni mwao aliacha kucheka kabla ya mkubwa wake. Akaomba aonyeshwe. Jioni ile vigingi viling'olewa.

Ushuru uliolipwa haukurudi; ulikuwa umekwishaingia mahali ambapo pesa haitoki. Mtoza ushuru alikuja mara moja, bila mkoba, akawaomba radhi kina mama mmoja mmoja, akapewa ndizi nyingi kuliko alivyoweza kubeba. Kesho yake ya baraza mama mkwe wangu aliamka, akachukua debe, akaenda ensokoni. Wengine wakamfuata, na njia ya mtoni ikaota majani. Baadaye ukuta ulijengwa kweli, kwa harambee na simenti ya halmashauri, likawekwa pia bomba fupi la kuchotea.

Vijana walimwita Mwenyekiti wa Soko mpaka wakachoka. Watu hawakumwondoa kwenye kiti, lakini mikutano iliendeshwa kwa Ekegusii kuanzia siku hiyo, na ilikuwa inakwisha mapema. Alinisalimu kwa Ekegusii, akaniuliza habari za shule kwa Ekegusii. Nilimkumbuka kwa hamu yule mwingine, yule aliyenisahihisha makosa ambayo sikuyafanya. Nilijiambia kwamba aibu imemwondoa Kiswahili mdomoni, na nilikasirika na wale waliocheka.

Nikahamishiwa shule ya upande wa Ikonge, nikawa nakuja Manga wakati wa likizo. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amezeeka sana. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, blanketi magotini, macho yamefunikwa na ukungu. Mke wake akamwambia ni nani. Akanyoosha mkono, nikaushika, na nilipoketi akaanza kunisemesha Kiswahili, polepole. Aliniuliza kama Ikonge wanachota wapi. Nikamwambia kuna ensoko, ila watu wanafulia humo humo. Akasikitika, akauliza kama hawana kamati.

Kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikamuuliza lililonikaa moyoni miaka yote ile. Nilikuwa nimempa neno. Angelisema mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na hakuna ambaye angemcheka. Kwa nini alikubali kuaibika?

Akalivuta blanketi lake juu kidogo.

"Chemchemi," akasema. "Hata leo naijua. Siku ile nilikuwa naijua kabisa. Lakini mwalimu, nani alilipa? Ofisa alilipa? Mama mkwe wako hajui Kiswahili. Ningemwambia namna gani?"

Machozi yalinijaa na nikashukuru kwamba hayaoni. Miaka yote nilikuwa nimebeba picha ya mzee aliyenyang'anywa lugha yake kwa aibu, kumbe aliiweka chini mwenyewe ili awaambie wale aliowakosea. Ofisa na wenzake walikuwa wanasikia kando tu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe anapepeta wimbi. Nikamweleza yote, kwa haraka, kama mtu aliyeokota kitu: kwamba siku ile ya baraza mzee hakuwa anasema na halmashauri, alikuwa anasema nao wao, kina mama.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo.

"Sisi tulijua siku ile ile, mwanangu," akasema. "Wewe ulikuwa unashughulika na Kiswahili."